Miguu Mingapi

Alitoka kwenye kreti la tatu, tini za Germencik,
mweusi, anang'aa kama kamba ya kiatu kipya,
akavuka meza ya kuchambulia pasipo haraka.
Kazi ikasimama. Mikono kumi na minne hewani,
unga mtamu vidoleni.

"Miguu-Arobaini," akasema Nurhayat, mwenyeji wetu,
ambaye mumewe alimposa mara arobaini ndipo akakubali,
na akipata mafua hupiga chafya arobaini,
na hata kahawa, anasema, ukinyweshwa kikombe kimoja tu
fadhila yake unaibeba miaka arobaini.
Kwake hesabu ikifika hapo imejaa, inamwagika.

Marzia wa Ghazni akacheka mpaka ushungi ukateleza.
Arobaini? Ubahili gani huu?
Kwao ni Miguu-Elfu.
Elfu, maana bibi yake hakuwa na wasaa wa kuhesabu;
alikuwa na kondoo, na theluji, na wakwe.

Mimi ni mtu wa mizani. Naandika kilo.
Huko uani tini ni kochokocho, lukuki, sufufu,
zimeanikwa trei kwa trei hadi ukingoni mwa barabara,
na mwajiri akiniuliza ni nyingi kiasi gani
sina ruhusa ya kumjibu kwa neno.

Zinaida, aliyeolewa hapa kutoka Omsk,
akasema kwao pia ni arobaini, mdudu huyuhuyu,
"ila wazee wa kale, wakifika elfu kumi,
walisema: giza."
Giza?
"Giza. Askari giza. Farasi giza.
Umetazama mpaka macho yamekoma."
Nje jua lilikuwa linapasua saruji,
lakini Nurhayat aliinua uso
kuangalia kama taa imezimika.

Khadra hakuwa amesema kitu. Hasemi sana tangu Idlib.
Aligeuza tini moja, akaibonyeza kitako,
akaitupa daraja la pili.
"Sisi tunamwita Mama wa Arobaini na Nne."

Na nne! Nne za ziada, kama mwenye duka
anayelijua deni lako hasa.
"Tumbo gani hilo!" Nurhayat akajipiga paja.
"Na majina je? Aliwapa wote majina?"
Kicheko kikazunguka meza, kikapita kwa Marzia, kwa Zinaida,
kikamfikia Khadra, kikakosa pa kukaa.

Kwao mwanamke huitwa kwa mwanawe.
Miaka kumi na sita aliitwa Mama Nizar,
mtaani, sokoni, kwenye foleni ya mkate,
kisha karatasi za kambi zikamrudisha
kuwa Khadra tu, na nambari.

Niliandika: kreti la tatu, kilo kumi na nane na robo.
Daftari langu lina safu ya zilizozidi
na safu ya zilizopungua.
Halina safu ya mmoja.

Chini ya meza, kifudifudi, Elvan mjukuu wa Nurhayat,
kijiti cha kiberiti mkononi,
alikuwa anahesabu tangu tulipoanza kubishana.
Mdudu akijikunja, anaanza upya. Akinyooka, anaendelea.
"Sitini na miwili!" akapaza sauti.

Nurhayat akakunja uso, kana kwamba mtu amemwibia.
Marzia akagoma: elfu ni elfu.
Zinaida akachukua ufagio.

"Ngoja," akasema Khadra.
Akafuta mikono kwenye aproni, akapiga magoti sakafuni,
jambo ambalo sijamwona akilifanya msimu mzima.
"Umehesabu pande zote mbili?"

Elvan akakitazama kijiti chake.
Upande mmoja.

"Basi anza tena. Taratibu.
Mimi nitamzuia asiondoke."